Asante ya Fundi Hubebwa Mkononi

Sumbawanga, 11 Juni 2023

Mpendwa Shangazi Sada,

Asalaam alaikum, na shikamoo nyingi. Sisi huku hatujambo, tatizo ni baridi tu. Mwaka huu imekuja na hasira. Asubuhi mafuta ya kupikia yameganda chupani, na nguo nilizoanika jana hazijakauka hadi leo. Mjukuu wako Sauda anakohoa kidogo lakini anakula. Juzi kamwambia babake kwamba yeye si mtoto tena, apewe chai ya rangi kama watu wazima. Baba Sauda mzima, yuko Tunduma na lori. Migebuka uliyotuma imefika salama. Masanja aliileta na Haisi yake mpaka mlangoni, akadai samaki mmoja kwa kazi ya ulinzi njiani. Nilimpa.

Usishangae kuona karatasi kama enzi za marehemu baba. Simu yangu siku hizi inalala mfukoni mwa Baba Sauda. Hilo tuliache. Kikapu cha samaki kikirudi kwako, barua itakuwa chini ya majani.

Nina jambo dogo la kukuuliza, maana wewe ndiwe uliyenifunza adabu za nyumba. Bomba la tanki letu lilipasuka. Baba Sauda akamwita fundi bomba mmoja wa Pito, Abeli, kijana mtaratibu anayeimba nyimbo za kwaya chinichini huku anakaza koki. Walipatana, akamlipa yote kabla ya safari, kisha akanigeukia mimi: "Huyu kashalipwa. Usianze mambo yako ya chapati na soda." Unamjua. Mwaka jana nilimpa fundi rangi sukari kidogo kama kifuta jasho, akaja kujua. Akasema, "Siku nyingine ukitoa kitu changu bila mimi kujua, utakifuata hukohuko kilikokwenda." Alisema anacheka. Mimi sikucheka.

Basi Abeli akiwa juu ya tanki, koki ikafyatuka, maji yakamlowesha mwili mzima. Baridi hii ya Juni! Nilimwambia aende akabadili nguo, akakataa, akasema akiondoka tutalala bila maji. Akamaliza kazi huku meno yanagongana. Shangazi, nilishindwa. Nikafungua sanduku, nikatoa lile koti la kahawia la Baba Sauda, lile lililopotea kifungo nikashona cha bluu. Hajalivaa tangu aliponenepa. Nikalitia kwenye kiroba cha sukari, nikamwambia Abeli apite mlango wa nyuma, njia ya chooni, majirani wasije wakapeleka maneno. Alishukuru mpaka nikaona haya.

Sasa niambie. Fundi aliyekwisha kulipwa, kweli hana asante? Nilikosea?

Mwanao,
Hasna


Matai, 19 Juni 2023

Mwanangu Hasna,

Waalaikum salaam. Marahaba sana. Mimi mzima, mguu tu ndio unanikumbusha umri. Huku upepo unapiga mpaka mabati yanalia. Jirani yangu Cornelia amevuna ulezi mzuri mwaka huu, na kila jioni anakuja dukani kunieleza habari zake kana kwamba huo ulezi umeolewa. Mpe Sauda tangawizi na asali. Chai ya rangi asipewe, hata akijiita bibi.

Unauliza kama ulikosea. Kutoa hukukosea. Malipo ni ya kazi, asante ni ya utu, na anayesema fundi kalipwa basi yamekwisha, huyo hajawahi kulowa. Ila ulivyotoa, hapo umekosea sana, na nashangaa maana nilidhani nilikulea.

Bibi yako, Mungu amrehemu, fundi akimaliza kazi kwake hakuwa anamwachia asante yake mlangoni. Kama ni kuku, kama ni mahindi, anabeba yeye mwenyewe kwa mikono yake, anamsindikiza fundi mpaka barabarani. Anasalimia kila anayepita. Wakishafika watu wanapowaona, ndipo anamkabidhi. Nikiwa mdogo nilidhani ni heshima tu. Nilipokua nikaelewa kwamba ni ushahidi. Maskini akionekana na kitu kizuri, watu hawamwulizi nani kakupa. Wanamwuliza umekipata wapi. Asante ya fundi hubebwa mkononi na mwenye nyumba, Hasna. Ndivyo wanavyofanya Wafipa waliotupokea, na ndivyo tulivyofanya sisi.

Wewe umemtoa mtu mlango wa nyuma na koti ndani ya kiroba. Sasa kuna tofauti gani na mwizi? Mtafute, mwambie asilivae mjini. Au mwambie mumeo mapema, angali na furaha ya safari.

Msalimie sana mumeo Ridhiwani. Mwambie sukari na ngano vimeniishia dukani, lori lake lisinisahau.

Shangazi yako,
Sada


Sumbawanga, 2 Julai 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu. Sauda kikohozi kimepungua. Sisi wazima wa mwili.

Haisi ya Masanja ilikuwa gereji, kwa hiyo barua yako imenifikia Jumanne. Jambo lenyewe lilitokea Jumapili.

Abeli alilivaa lile koti kwenda misani, na kutoka misani akapita sokoni. Mtu aliyeiba angelivaa sokoni, Shangazi? Baba Sauda alikuwa amerudi usiku wa kuamkia siku hiyo, akaenda sokoni kumwona mteja. Akakiona kile kifungo cha bluu. Hakuuliza, alipiga kelele ya mwizi, na wewe unajua neno hilo likishatoka mdomoni halirudi. Watu wamempiga kwa mawe na kwa fito. Mkono wa kulia umevunjika kwenye kifundo, ule wa kushikia spana. Polisi ndio waliomwokoa.

Walimleta hapa nyumbani, wapate maelezo. Kasimama uani, chini ya tanki alilotengeneza mwenyewe, damu imeganda sikioni. Aliponiona uso ukamchangamka. Akawaambia askari, "Huyu hapa. Mama Sauda, waambie. Si ulinipa wewe?"

Baba Sauda akanitazama. "Ulimpa?"

Nilikuwa nimembeba Sauda. Nilisikia lile neno lake masikioni, utakifuata hukohuko kilikokwenda, na nikaona mlango, na nikajua mtoto hatatoka nami. Nikasema, "Koti lilikuwa sandukuni."

Hivyo tu. Si uongo, lilikuwa sandukuni. Askari akaandika. Abeli hakunitukana wala hakulia. Aliinamisha kichwa, wakamwondoa. Yuko mahabusu.

Usiniambie nilivyokosea, najua. Nataka jambo moja tu kwako. Nikisema kweli, Baba Sauda ataniacha siku hiyohiyo. Baba hayupo. Wewe ndiwe ndugu niliyebaki naye. Je, nikija Matai na mtoto, au hata bila mtoto, utanipokea?

Hasna


Matai, 14 Julai 2023

Mwanangu Hasna,

Salaam nyingi. Nimesoma barua yako dukani, nikafunga duka kabla ya saa yake, Cornelia akadhani nimefiwa. Sikumwambia kitu.

Mwanangu, sema ukweli. Huyo kijana ana mama yake kama ulivyokuwa nawe na baba. Ukweli ukichelewa unaoza, na ukishaoza hata ukiutoa watu wanaziba pua. Nenda kituoni, sema: nilimpa mimi, kwa mkono wangu. Hukumu ya watu itapita. Ya Mungu haipiti.

Ridhiwani si mtu mbaya, ana hasira za wanaume wa biashara. Lori lake limefika Alhamisi na sukari na ngano, na kaniletea na kanga pea moja, nzuri. Hakusema lolote kuhusu wewe. Alikaa, akanywa chai, akaniita mama.

Huku mahindi yanapukuchuliwa kila uani, vumbi tupu. Mguu umevimba tena. Mfunike Sauda vizuri usiku.

Akupe nguvu Mwenyezi Mungu.

Shangazi yako,
Sada


Sumbawanga, 22 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na vumbi. Sauda mzima, ameanza kuimba wimbo aliousikia kwa Abeli juu ya tanki. Namnyamazisha.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, nikitafuta jibu la swali langu. Nimeona habari za mahindi, na kanga, na Mungu. Jibu sijaliona.

Jumatano alikuja mama yake Abeli. Anaitwa Kristiana. Katembea kutoka Pito kwa miguu, na hakuja mikono mitupu; alileta unga wa ulezi kwenye kitambaa cheupe. Nilizungumza naye kupitia upenyo wa geti, kwa sababu naogopa kumfungulia. Akasema, "Mama, sikuja kugombana. Mwanangu anasema ulimpa wewe. Mimi nimemzaa, namjua, lakini mimi si shahidi. Shahidi ni wewe." Nikamwambia mume wangu hayupo. Akasema, "Sikumtaka mumeo." Akainama, akaupitisha ule unga chini ya geti. "Basi mpikie mtoto uji." Akaenda zake.

Ningeukataaje? Na ningeupokeaje? Nimeuweka kabatini, kila nikifungua unanitazama. Jana Baba Sauda kaukuta, akataka uji. Nikampikia. Kanywa vikombe viwili, akasema uji mtamu, umenunua wapi.

Shangazi, unaniambia niseme ukweli kana kwamba ukweli una chumba na kitanda. Nitausema. Naapa nitausema kesho yake ukinijibu. Wanasema kesi itatajwa tena mwishoni mwa Agosti. Niandikie neno moja tu: njoo, au usije. Hata usije nitaielewa. Ila usinyamaze.

Hasna


Matai, 19 Agosti 2023

Mwanangu Hasna,

Salaam. Nisamehe kwa kukawia. Mguu ulinilaza, halafu Masanja alipita mara mbili nikiwa nimelala, halafu karatasi ziliisha dukani. Na mambo mengine.

Nimefikiri sana habari yako. Labda nilikuwa na haraka kukuambia useme. Mambo ya polisi yana njia zake, na kijana akionekana hana rekodi mbaya huenda wakamwachia wenyewe. Unaweza kunyamaza kwanza, tuone. Ndoa ni kitu cha kustahimili, na mtoto anahitaji baba. Hata mimi na mjomba wako tulipita mengi.

Nyumba hii unaijua, vyumba viwili, kimoja kimejaa magunia. Duka ndilo linalonilisha, na duka nalo lina wenyewe wanaolilisha. Sisemi zaidi, wewe ni mtu mzima.

Cornelia amemwoza binti yake. Harusi ilikuwa nzuri, ila mvulana ni mfupi.

Nimekutumia migebuka mikubwa, ya Kasanga, mizuri.

Shangazi yako,
Sada


Sumbawanga, 24 Agosti 2023

Shangazi Sada,

Shikamoo.

Samaki nimempa paka wa jirani.

Ulinifunza kwamba mtu anayekupa kitu kwa siri hajakupa, kakutega. Wewe umenipa ukweli niubebe peke yangu nipite nao mlango wa nyuma. Hukunisindikiza hata mpaka kizingitini.

Sikuulizi tena.

Hasna


Matai, 3 Septemba 2023

Mwanangu,

Njoo.

Njoo na mtoto, na kama wakimzuia mtoto njoo peke yako, tutamdai tukiwa wawili. Magunia nimeyatoa chumbani. Nimemwambia Cornelia kila kitu, mbele ya watu, dukani, ili nisiweze kurudi nyuma. Lori lisipokuja nitauza chumvi na viberiti. Kabla ya huyo mumeo kuniita mama nilikuwa nakula.

Niliogopa, Hasna. Mtu mzima hovyo kama mimi, niliogopea sukari.

Barua hii nimempa Masanja mkononi na nimemwapisha. Njoo.

Shangazi yako


Sumbawanga, 30 Septemba 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nashukuru Mungu kusikia mguu unaendelea vizuri. Masanja ndiye aliyenieleza. Sauda mzima. Ameng'oka jino la mbele, alianguka barazani. Baridi imekwisha, sasa ni jua na upepo.

Barua yako ilinifikia, na nilifanya kama nilivyoapa. Asubuhi yake nilifungasha nguo zangu na za mtoto kwenye kiroba, nikambeba Sauda mgongoni, nikaenda mahakamani. Njiani sikuogopa. Nilishangaa mwenyewe jinsi nilivyokuwa mwepesi, nikasalimia kila mtu. Nilimkuta karani, nikamwambia, mimi ni mke wa mlalamikaji, koti la Abeli nilimpa mimi kwa mkono wangu, nataka kuandikwa.

Karani akatafuta kitabuni. Akasema, "Abeli wa Pito? Huyo shauri lake limekwisha, mama. Alikiri kosa wiki iliyopita. Kapewa miezi sita."

Nikasema hakuiba. Karani akasema, "Kakiri mwenyewe." Alinieleza kwa upole tu, kwamba wengi hukiri, wakiambiwa na wenzao huko ndani kwamba kukiri kunapunguza adhabu kuliko kubisha bila shahidi. Akasema akitaka kukata rufaa ni yeye mwenyewe akate. Kisha akanitazama na kile kiroba na mtoto, akaniuliza, "Ulikuwa wapi wewe?" Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda Pito. Kristiana alikuwa anapepeta maharage. Alinipa kigoda, akampa Sauda karanga. Nilimweleza yote, toka koki ilivyofyatuka mpaka ule mlango wa nyuma, mpaka uani, mpaka neno nililosema. Nilimwomba twende gerezani pamoja, Abeli akubali kukata rufaa, mimi nitasema popote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilikwenda Jumapili. Hataki. Anasema akianza kubisha watamweka zaidi, na mkono umeungwa vibaya, anataka atoke alime. Ufundi hawezi tena." Halafu akainuka, akaingia ndani na ungo wake.

Hakunisindikiza, Shangazi. Unajua maana yake. Hata adui akija kwao, Wafipa humsindikiza. Nilingoja pale kwenye kigoda mpaka Sauda akamaliza karanga, nikainuka mwenyewe.

Nilipofika kwangu jioni Baba Sauda alikuwa hajarudi. Kiroba nikakifungua, nguo nikazipanga zilipokuwa. Alipoingia akaniuliza chakula. Mpaka leo hajui. Nilikuwa tayari kuachwa, tayari kupigwa, tayari kwa kila kitu, na hakuna aliyenitoza chochote. Unaniambia njoo, na najua safari hii umemaanisha. Lakini nije kufanya nini? Ningekuja na ukweli, ningelala kwenye hicho chumba cha magunia nikiwa mtu. Sasa nitakuja na nini? Chumba warudishie magunia.

Sijamaliza. Nilitaka kuishia hapo lakini lazima nimwambie mtu, na mimi nina wewe tu.

Kesi ilipokwisha walimrudishia Baba Sauda koti lake. Alilitundika ukumbini. Wiki mbili lilikuwa pale na kile kifungo cha bluu, na damu kavu kwenye kola. Nikaambiwa nilifue. Nililifua, Shangazi. Nikalianika.

Bomba la tanki limelegea tena, pale ambapo Abeli alisema atarudi kukaza maana siku ile vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi. Jana akaitwa fundi mwingine, Obed, mtu mzima. Akafanya kazi vizuri. Majirani siku hizi wanamsema Baba Sauda kwa sababu ya ule mkono uliovunjika, nadhani maneno yamemfikia, maana Obed alipokuwa anakusanya spana zake, Baba Sauda akaingia ukumbini akatoka na koti. "Mzee, chukua hili. Mimi halinitoshi."

Akalibeba yeye mwenyewe mkononi. Wakatoka geti kubwa, wakaenda taratibu mpaka barabarani, Baba Sauda anasalimia huku na huku, anaita watu kwa majina, Mama Shamsi katoka barazani kutazama. Kila mtu kaona. Pale barabarani akalikunjua, akamvika Obed mabegani, akampa mkono. Watu wakacheka, wakasema huyu ndiye mtu.

Alirudi amefurahi. Akakaa, akavua viatu, akaniambia, "Umeona? Asante ya fundi hutolewa hivyo."

Nikamwambia nimeona.

Hasna